Hudson Soft: waliotengeneza Bomberman walikwenda wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Utotoni kule Tanga tulikuwa na TV gemu ya kaseti, na gemu tulizozigombania zaidi zilikuwa Bomberman, Lode Runner na Adventure Island. Nakumbuka maandishi ya Hudson Soft kwenye kioo kabla gemu haijaanza. Sasa mwanangu anacheza Bomberman ya kisasa, lakini imeandikwa Konami. Je, Hudson walibadilisha jina, walifilisika au walinunuliwa? Na wale watu wenyewe waliishia wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Jibu fupi ni hilo la tatu: walinunuliwa. Ila hawakununuliwa kwa siku moja. Konami iliingia Hudson kwa njia ya hisa mwaka 2001, ikaongeza mpaka ikashika zaidi ya nusu mwaka 2005, ikachukua zote Aprili 2011, na tarehe 1 Machi 2012 Hudson Soft ikafutwa kama kampuni na shughuli zake zikaingizwa ndani ya Konami Digital Entertainment. Ndiyo maana mwanao anasoma Konami pale ulipokuwa ukisoma Hudson. Ni Konami hao hao wa Contra, na hao hao wa Winning Eleven iliyojaza vibanda vya gemu mitaani kwetu.

Jibu refu ndilo nalitaka ulisikie, kwa sababu watu wengi hudhani studio ya gemu ikifungwa, basi gemu zake zilikuwa zimekwisha ladha. Hudson haikuondoka hivyo. Gemu zake zilikuwa bado zinanunuliwa. Iliyoiondoa ni benki na hisa, pamoja na tabia yake ya tangu mwanzo: kazi zake kubwa ilizifanya kama fundi anayejenga nyumba nzuri kwenye viwanja vya watu.

Tuanze Sapporo. Jina Hudson limewapoteza wengi wakadhani hii ni kampuni ya Marekani. Sapporo ndio mji mkubwa wa kisiwa cha Hokkaido, kaskazini kabisa mwa Japani, mbali na Tokyo na mbali na Kyoto yaliko makao ya Nintendo. Huko ndiko ndugu wawili, Yuji Kudo na Hiroshi Kudo, walikoanzisha Hudson mwezi Mei 1973. Gemu hazikuwamo kabisa katika mipango yao. Lilikuwa duka, CQ Hudson, likiuza vifaa vya redio za mawasiliano kwa wale wapenzi wanaozungumza na dunia nzima wakiwa chumbani kwao, pamoja na picha za sanaa. Jina la Hudson lilitoka kwenye reli. Yuji alikuwa na mapenzi makubwa na vichwa vya treni za mvuke, hasa kile cha Kijapani kiitwacho C62, na mpangilio wa magurudumu yake, manne madogo mbele, sita makubwa katikati na manne nyuma, watu wa reli huuita Hudson. Ikumbuke hiyo C62, tutakutana nayo tena ndani ya mashine.

Mwaka 1975 duka likaanza kuuza vitu vya kompyuta ndogo, na 1978 wakaanza kuandika programu na gemu zao wenyewe na kuziuza kwenye kanda za sauti, zile zile za kurekodia muziki. Lakini kazi iliyowapa heshima mwanzoni haikuwa gemu. Kompyuta za Sharp za familia ya MZ ziliuzwa bila lugha ya programu ndani yake, na kila ukiiwasha ulilazimika kuipakia kutoka kwenye kanda. Hudson wakaandika BASIC yao, wakaiita Hu-BASIC, na Sharp ilipotoa kompyuta yake ya X1 mwaka 1982, hiyo ndiyo BASIC iliyokwenda nayo. Baadaye hata mfumo endeshi wa Sharp X68000, ulioitwa Human68k, uliandikwa na Hudson. Mchezaji wa kawaida hakuyajua haya. Waliojua ni wahandisi wa kampuni nyingine, na hao ndio waliokuja kuwaletea kazi.

Nintendo ilitoa Famicom, mashine yake ya gemu ya nyumbani, Julai 1983. Ikataka pia iwe na kibodi na BASIC ili watoto wajifunze kuandika programu nyumbani, na bidhaa hiyo, Family BASIC, ikatoka Juni 1984 kwa kazi ya pamoja ya Nintendo, Sharp na Hudson. Kwa hiyo watu wa Hudson waliijua Famicom kwa ndani mapema kabisa. Mwezi uliofuata, Julai 1984, wakatoa Nuts & Milk na Lode Runner, wakawa kampuni ya kwanza isiyo Nintendo kuuza gemu kwenye mashine ya Nintendo. Namco wakafuata nyuma yao, kisha wengine wote. Leo tunachukulia kawaida kwamba mwenye mashine ni mmoja na watengenezaji gemu ni mamia. Kwa Famicom, mlango huo aliyeupita wa kwanza ni Hudson. Na uhusiano ulikuwa wa karibu kiasi kwamba Nintendo iliwapa ruhusa ya kutengeneza gemu za Mario kwa kompyuta za Kijapani, mojawapo ikiwa Super Mario Bros. Special ya 1986. Nintendo haimpi kila mtu Mario.

Lode Runner yenyewe haikubuniwa na Hudson. Ni kazi ya Mmarekani Douglas E. Smith, ikachapishwa na Broderbund mwaka 1983, nao Hudson wakaihamishia Famicom na kuuza nakala zaidi ya milioni moja. Naitaja kwa sababu imefungamana na Bomberman kwa njia ambayo nadhani wewe na wenzako hamkuiona.

Bomberman ilizaliwa kwanza kwenye kompyuta za Kijapani mwaka 1983, ikiitwa Bakudan Otoko. Ulaya ikauzwa kwa jina la Eric and the Floaters, na mhusika ni mtu mwenye kofia. Ile mnayoijua nyinyi ni ya Famicom, iliyotoka Desemba 1985, kazi ya mtaalamu wa programu Shinichi Nakamoto. Hapo mhusika akawa roboti mweupe. Sasa angalia roboti yule vizuri, kisha angalia wale maadui wanaokukimbiza kwenye Lode Runner ya Famicom. Ni mchoro ule ule. Hudson walichukua adui wa gemu moja wakamfanya shujaa wa nyingine, kisha wakatunga kisa cha kuziunganisha: roboti huyu anafanyishwa kazi chini ya ardhi, anasikia kwamba roboti akifanikiwa kutoka juu atageuka binadamu, naye anatoroka. Hatua ni 50. Ukiimaliza ya 50 unamwona anakimbia juu ya ardhi, njiani anageuka mtu, na mtu huyo ni yule yule unayemwongoza kwenye Lode Runner. Maandishi ya mwisho yanakupongeza kwa kumsaidia awe binadamu na kudokeza kwamba huenda utamtambua kwenye gemu nyingine ya Hudson Soft. Hakuna mtoto aliyelazimika kuijua siri hiyo ili afurahi, ila waliotengeneza waliijali kiasi cha kuiweka mwisho wa hatua 50 ngumu.

Nikiulizwa kwa nini Bomberman imedumu, najibu kwamba silaha yake inamtisha mwenyewe sawa na inavyomtisha adui. Gemu nyingi za wakati ule zilikupa bunduki, risasi inatoka mbele, wewe uko salama nyuma yake. Hapa unaweka bomu pale uliposimama, na papo hapo linageuka kizuizi njiani kwako. Ukiwa kwenye uchochoro wenye tofali upande mmoja, umejifungia mwenyewe, unahesabu. Kila kitu kimepangwa ili ufanye haraka na ujutie haraka yako. Mlango umefichwa chini ya tofali mojawapo. Ukiupata na kwa pupa ukaulipua, maadui wapya wanamwagika kutoka humo. Muda wa hatua ni 200, na ukiisha wanaingia Pontan, vile viumbe vya mviringo vyenye kasi vinavyopita ndani ya matofali, na hapo wengi wetu tulikuwa tunaachia pedi. Sheria zote hizo mtoto anazielewa bila kusoma neno hata moja, na nina hakika hilo ndilo lililoifanya ipendwe Tanga sawa na ilivyopendwa Osaka.

Na ilifikaje Tanga? Hudson hawakuileta. Hizo TV gemu zilizouzwa madukani kwetu miaka ya 1990 na 2000 zilikuwa mashine za kuiga Famicom, na kaseti zake zilijazwa gemu zilizonakiliwa bila ruhusa, zikipewa majina ya kutisha kama gemu 64, gemu 500, hata 9999, ambazo ukizifungua unakuta ni chache zinarudiwa. Gemu za Hudson hazikukosekana humo, na sababu ni ya kiufundi. Gemu za mwanzo za Famicom hazikuwa na chipu ya ziada ndani ya kaseti. Ukubwa wake haukuzidi kilobaiti 40, yaani programu 32 na picha 8. Bomberman ilikuwa hivyo, Nuts & Milk hivyo, Lode Runner hivyo, na Binary Land, ile ya pengwini wawili wanaotembea kinyume kama kwenye kioo, hivyo hivyo. Zilikuwa ndogo, rahisi kupangwa nyingi kwenye chipu moja ya bei nafuu. Kwa hiyo aliyekuwa Hudson mwaka 1984 na 1985, kabla gemu hazijanenepa, alijikuta ndani ya kila kaseti ya kunakili duniani. Wanakili wengine walifuta jina la mwenye kazi kwenye ukurasa wa kwanza. Wewe ulibahatika kupata nakala ambayo jina lilibaki.

Adventure Island nayo ina kisa chake. Yule jamaa wa kofia na kaptula ya majani anayerusha shoka ametokana na mtu wa kweli, mwajiriwa wa Hudson, Toshiyuki Takahashi, mzaliwa wa Sapporo, aliyejiunga na kampuni mwaka 1982. Mwaka 1985 Hudson walianza msafara wa kiangazi ulioizunguka Japani mji kwa mji, watoto wakishindana kupata pointi kwenye gemu za ndege za kivita zinazopiga risasi, mwaka huo Star Force, uliofuata Star Soldier. Takahashi alikuwa mtangazaji na mwonyeshaji. Watoto wakampachika heshima ya Meijin, yaani bingwa, kwa sababu ya kidole chake: alisifika kwa kubonyeza kitufe mara 16 kwa sekunde moja. Alikuwa maarufu Japani kama mchezaji mpira anavyokuwa maarufu kwetu. Akaingizwa kwenye filamu, kwenye katuni, na mwaka 1986 kwenye gemu, ambayo Kijapani ina jina lake kabisa na huku nje ikaitwa Adventure Island. Msingi wa gemu hiyo ulikuwa Wonder Boy, iliyotengenezwa na studio nyingine na kuchapishwa na Sega. Hudson walipewa ruhusa ya gemu yenyewe lakini si ya mhusika, kwa hiyo wakamtoa wakamweka mtu wao. Na nampenda Takahashi kwa jambo moja zaidi: mtu aliyelipwa kuuza gemu aliwaambia watoto hadharani wasicheze zaidi ya saa moja kwa siku.

Sasa tufike kwenye kazi ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote za Hudson, ijapokuwa haikutufikia Afrika Mashariki. Waliijua Famicom kiasi cha kuona mipaka yake, wakachora chipu zao wenyewe. Kutengeneza mashine kunahitaji viwanda na mtaji, na kampuni ya Sapporo haikuwa navyo, kwa hiyo wakaungana na NEC, jitu la vifaa vya elektroniki. Tarehe 30 Oktoba 1987 ikatoka PC Engine kwa yeni 24,800, kijisanduku cheupe kidogo cha kushangaza. Kichakataji kiliitwa HuC6280, na chipu za picha HuC6270 na HuC6260. Ile 62 ya kichwa cha treni imo katika namba zote tatu. Kichakataji kilikuwa cha biti 8 kama cha Famicom, ila chenye kasi zaidi, na chipu za picha zilimwaga rangi ambazo Famicom haikuweza hata kuziota. Gemu ziliuzwa kwenye kadi nyembamba, HuCard, unazoweza kuweka mfukoni pamoja na kitambulisho chako. Mwezi Desemba 1988 wakaongeza kisomea CD, na PC Engine ikawa mashine ya kwanza ya gemu duniani kutumia CD-ROM, miaka sita kabla ya PlayStation.

Hapo ndipo walipopata nafasi ya kunyoosha mikono. Kadi ilibeba data kidogo, CD ilibeba zaidi ya megabaiti 500. Mwaka 1989 walitoa Tengai Makyo: Ziria, gemu ya safari na vita iliyobuniwa na timu ya Red, yenye sauti za waigizaji na muziki wa Ryuichi Sakamoto, mtunzi ambaye alikuwa ametoka kushinda Oscar. Ya pili, ya 1992, ikawa na muziki wa Joe Hisaishi. Wakati huo huo Bomberman ikapata umbo lake la kweli. Ile ya kaseti yenu ilikuwa ya mtu mmoja peke yake. Bomberman ya PC Engine ya 1990 iliruhusu watu watano chumba kimoja, na hapo lile bomu linalomtisha mwenyewe likawa linawatisha na majirani. Kwenye Super Famicom wakatengeneza kifaa cha kuunganisha pedi za ziada ili Super Bomberman ya 1993 ichezwe na wanne. Kwenye Saturn, mashine ya Sega, mwaka 1996 wakafika watu kumi. Kama kuna gemu moja ya Hudson ningependa uicheze na ndugu na jamaa siku ya sikukuu, ni hiyo Saturn Bomberman.

Kuna pia ile ambayo Wajapani wangenilaumu nisipoitaja: Momotaro Dentetsu, ya mwaka 1988, iliyobuniwa na Akira Sakuma. Unasafiri kwa treni Japani nzima, unanunua biashara katika kila kituo, na yule wa mwisho kufika anaandamwa na mungu wa ufukara anayemharibia fedha. Inachezwa na familia wakati wa mwaka mpya. Nje ya Japani haijulikani, ndani yake ni kama kitabu cha jiografia kinachopendwa.

Marekani PC Engine iliuzwa kwa jina la TurboGrafx-16 kuanzia 1989, ikapigwa na Sega na Nintendo. Mrithi wake, PC-FX wa Desemba 1994, alikuwa kosa. Ulitoka mwezi ule ule wa PlayStation, ukiwa hodari wa kuonyesha video za katuni lakini bila uwezo wa maana wa picha za pande tatu, wakati dunia nzima ilikuwa inakimbilia huko. Ulikwisha kimya kimya. Hata hivyo Hudson haikuanguka nao. Ilikuwa bado ina Bomberman, ina Momotaro, na ina sifa kwa Nintendo.

Pigo lenyewe lilitoka mahali ambapo mchezaji hatazami. Tarehe 17 Novemba 1997 benki ya Hokkaido Takushoku ilianguka. Ilikuwa benki kubwa ya kisiwa kile, iliyoanzishwa mwaka 1900, na kuanguka kwake kuliitikisa Japani nzima kwa sababu haikuwahi kutokea tangu vita kwamba benki ya daraja lile ife. Madeni mabaya ya viwanja na majumba ya miaka ya 1980 ndiyo yaliyoizamisha. Hudson ilikuwa imeiegemea benki hiyo kwa mikopo. Gemu moja inatengenezwa mwaka mzima au miwili, mishahara inalipwa kila mwezi, na fedha inarudi siku ya kuuzwa. Katikati ya hapo anayekushikilia ni benki. Akiondoka, lazima utafute mwenye fedha mwingine, haraka, na kwa masharti yake.

Ndugu Kudo wakaiingiza kampuni kwenye soko la hisa, Desemba 2000. Agosti mwaka uliofuata Konami ikachukua fungu kubwa la hisa na kuwa mwanahisa mkuu. Mimi sioni kosa kwa Konami katika hatua hiyo ya kwanza. Hudson ilihitaji mtaji, na Konami ilikuwa nao. Lakini kuanzia hapo uamuzi wa mwisho haukuwa Sapporo tena. Waanzilishi waliondoka, mwaka 2005 Konami ikapata wingi wa hisa, na makao makuu yakawa Tokyo, Sapporo ikabaki ofisi ya kazi.

Katika miaka hiyo hiyo Hudson ilikuwa inatengeneza gemu iliyoingia nyumba nyingi kuliko zote, na wachache walijua. Mario Party ya kwanza, Desemba 1998 kwenye Nintendo 64, ni kazi ya Hudson kwa agizo la Nintendo. Ya pili, ya tatu, mpaka ya nane mwaka 2007, pamoja na ile ya DS, zote ni wao. (Ile ya kwanza ilikuwa na michezo ya kuzungusha kijiti kwa kasi, watoto wakakizungusha kwa kiganja mpaka wakachubuka, na Nintendo ya Marekani ikalazimika kutoa glavu bure.) Ukiangalia vizuri, ubunifu wake ni wa Hudson mtupu: ubao wa kuzunguka kama Momotaro, watu wanne chumba kimoja kama Bomberman. Lakini jina Mario Party ni mali ya Nintendo. Hudson ililipwa kwa kazi, kama ilivyolipwa na Sharp kwa BASIC. PC Engine nayo ilibeba jina la NEC. Waliyoyamiliki wenyewe yalikuwa machache, na machache hayo ndiyo Konami iliyapata.

Na hayakutunzwa vizuri sana. Mwaka 2006 ilitoka Bomberman: Act Zero kwenye Xbox 360, ambamo yule roboti mchangamfu aligeuzwa askari wa chuma katika magereza ya giza. Ilipigwa na wahakiki karibu wote, na kwa haki. Ofisi ya Marekani ikafungwa mapema 2011, gemu kadhaa zilizokuwa njiani zikafutwa. Takahashi akaondoka mwishoni mwa Mei 2011, karibu miaka thelathini tangu aajiriwe. Machi iliyofuata jina likafutwa.

Sasa lile swali lako la mwisho, watu wenyewe waliishia wapi. Wengine walibaki Konami. Lakini kundi kubwa la timu ya Mario Party lilihamia Nd Cube, studio iliyo chini ya Nintendo, ambayo ilimchukua Hidetoshi Endo, aliyekuwa rais wa Hudson, awe rais wake, na ikafungua ofisi Sapporo kwa ajili yao. Mario Party 9 ni kazi ya Nd Cube. Iliingia madukani Ulaya tarehe 2 Machi 2012, siku moja baada ya Hudson kufutwa. Wao ndio wanaoendelea kutengeneza Mario Party hadi hizi za Switch, kwa hiyo mwanao akicheza mojawapo anacheza kazi ya mikono ya watu wa Hudson kuliko anapocheza Bomberman ya leo.

Hiyo Bomberman yake, kama ni Super Bomberman R ya Switch, ilitoka Machi 2017, imetengenezwa na Konami pamoja na studio ya HexaDrive. Si mbaya hata kidogo, hasa mkiwa wengi. Momotaro nayo ilirudi Novemba 2020 chini ya Konami na ikauza mamilioni Japani. Na mwaka 2020 Konami hao hao walitoa PC Engine mini, kijisanduku chenye makumi ya gemu za mashine ile ndani yake, nyingi zikiwa za Hudson. Ukiiona kwa bei ya maana, inunue, na uitafutie kifaa cha pedi tano. Humo imo Bomberman '94, ambayo kwangu ni bora kuliko hiyo ya Switch.